Tulipombeba Ute

Siku yangu ya kwanza kazini, bawabu aliniuliza kama nimekuja kushona au kubeba. Studio ilikuwa Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, nyuma ya ghala la magodoro, na mwanamke yeyote aliyefika pale asubuhi alidhaniwa kibarua. Nikamwambia nimekuja kuimba. Akanitazama kwa huruma, akanifungulia. Ndani, kuta zote zilikuwa zimefunikwa magodoro yaliyokataliwa na wanunuzi, ili sauti isirudi. Hiyo ndiyo ilikuwa studio.

Kazi yangu iliitwa uitikiaji. Mwimbaji wa mbele anasimama na jina lake. Mwitikiaji anasimama nyuma, hana jina, anajaza nafasi anayoachiwa. Ninyi vijana mnajirekodi kwenye kompyuta, mkajiitikia wenyewe, mkakosea na kufuta. Mashine yetu ya kurekodia ilikuwa ya njia nne tu: ala zikishachukua tatu, waimbaji wote tulibanwa kwenye ile moja iliyobaki. Kilichoingia kwenye utepe kimeingia. Huwezi kumtoa mtu mmoja ukawaacha wengine.

Nilianza na matangazo ya sabuni. Baadaye Mkurugenzi wa studio akanipeleka kwa Kiongozi wa bendi ya hoteli moja mjini, mzee mkali aliyekataza viatu vinavyolia jukwaani. "Mwitikiaji akikumbukwa, ameharibu," alituambia. Nikakubali, kwa sharti kwamba viatu visivyolia anunue yeye. Tulivutana wiki nzima. Alinunua.

Hapo hotelini ndipo alipoletwa Ute, Mjerumani aliyetunga na kuimba soul, ule muziki ambao Wamarekani weusi waliutoa kanisani wakaupeleka kwenye mapenzi. Kwao, wimbo wake wa kwanza ulipigwa redioni mpaka watu wakauchoka. Wa pili ulipigwa kidogo. Wa tatu, hata kampuni iliyourekodi haikumpigia simu kuuzungumzia. Alimfuata mume mhandisi Nairobi, ndoa ikaisha, akabaki. Alipanga nyumba Buruburu, jirani yangu, na watoto wa mtaa wakazoea kumsikia akigombana na kinanda.

Kisha kampuni ile ikamwambia atume wimbo mmoja mpya. Wakiupenda, watamrudisha, wasipoupenda, wasisumbuane tena. Ute alikuwa amevuka arobaini. Hakuhitaji kutafsiriwa maana yake.

Alituchagua waitikiaji watatu. Niliwahesabu mara mbili, nikajipata nimo mara zote mbili. Mwenzangu wa karibu alikuwa Betty, binti wa mfanyakazi wa reli, na sote tulikuwa tumelelewa katika kwaya za kanisa, wazazi wetu wakiwa wametoka magharibi mwa Kenya.

Wimbo ulimhusu mama yake, aliyezikwa Ute akiwa mbali. Tuliufanyia mazoezi vizuri. Jambo moja walilijua yeye na Mkurugenzi tu: katika ubeti wa mwisho, akifika kwenye neno "mama", angeliacha likatike, anyamaze, halafu amalize peke yake kwa sauti ndogo. Hakutuambia kwa sababu, alisema baadaye, kitu kile hakifanyiwi mazoezi.

Utepe ukaanza kuzunguka. Tukafika ubeti wa mwisho. Ute akasema "ma", sauti ikapasuka, akanyamaza, machozi yanamtoka.

Sasa, kwetu, mwimbaji akilemewa na kilio mazishini, haachwi. Aliye nyuma anaingia palepale, anashika ubeti, anamshika kiwiko, ili asisimame mtupu mbele ya watu. Tunaita kumbeba. Hakuna anayekufundisha, unakua ukiona. Tulimbeba Ute. Sauti tatu, kwa nguvu zote, kama sisi wenyewe tunamsindikiza mama yake kaburini. Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko. Alinigeukia na uso ambao sikuuelewa mpaka wimbo ulipokwisha.

"Umefanya nini?" aliniuliza polepole.

Nikamwambia tumembeba. Mkurugenzi akainamisha kichwa, akatueleza ule ukimya ulikuwa wa nini.

Tulirudia. Safari hii tulinyamaza sawasawa, lakini sauti yake ilitoka safi, haikupasuka popote. Msafiri wa kuupeleka utepe Ujerumani alikuwa anaondoka jioni hiyo. Ute akasikiliza zote mbili, akachagua ile ya kwanza. Ya pili, alisema, ilikuwa inadanganya.

Simu ya bwana wa kampuni ile ilikuja ofisini kwa Mkurugenzi baada ya majuma kadhaa. Ute alisikiliza muda mrefu, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Anawataka ninyi," akasema. "Ninyi watatu. Bila mimi."

Betty alikaa kwenye meza kwa kukosa kiti. Kisha akanitazama. "Si wewe ndiye unajua kupatana bei? Patana."

"Mwambie ni wanne, au hakuna," nikamwambia Ute.

"Mama Naliaka, usifanye hivi."

"Mwambie."

Akamwambia. Ilibidi ajipatanie mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, kama mtu anayejinadi sokoni. Yule bwana akakataa. Nikasema aambiwe tunaondoka. Nilikuwa nimenunua nguo soko la Gikomba tangu usichana: ukimpa muuzaji mgongo, hufiki kibanda cha tatu kabla hajakuita. Ute akasema neno fupi, akaweka simu.

Tukakaa. Chai ikapoa. Mkurugenzi akaingia, akauliza kama simu imeharibika. Akaiinua, akaisikiliza, akairudisha.

"Ni nzima," akasema.

Ute aliimba hotelini mpaka mkataba ulipokwisha. Siku ya kufunga mizigo nilikwenda kumsaidia, nikamwambia kwamba tulimwonea huruma tu, hatukutaka makuu. Alisema anajua. "Lakini siku nyingine mtu akinyamaza, mngojeeni kidogo." Nasikia anafundisha watoto kinanda huko kwao. Kuimba aliacha.

Mimi niliitikia mpaka hoteli iliponunua kinanda chenye sauti za waitikiaji ndani yake. Hakichelewi wala hakidai viatu. Siku hizi naimba mazishini tu, na kazi hiyo haikosekani.

Juzi tulimzika jirani. Binti yake akaanzisha wimbo, akafika katikati, akakwama. Nikasikia kwaya nzima ikivuta pumzi. Nikainua mkono, wakanyamaza. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba bibi huyu ana roho ya jiwe. Sikuushusha mkono. Binti akasimama pale, watu wote wanatazama chini. Kisha akaipata sauti, imepasuka vibaya, akaumaliza ubeti mwenyewe.

Ndipo tukaitikia.