Mwuza Chumvi wa Dorcas Amezidi Nguvu, au Mchumba Wangu Anampendelea?

Msimamizi wa ukurasa, naomba jina langu lisitajwe; ya wengine nimeyabadilisha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa sheria, mkazi wa Bunia. Mwisho wa mwezi huu familia ya mchumba wangu, nitakayemwita Trésor, itakuja kutoka Mahagi kuleta mahari kwetu. Kabla ya siku hiyo nataka kujua kama moyo wake uko kwangu au kwa mwingine. Ushahidi wote nilio nao unatoka mchezoni. Tafadhali msicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Kila Jumapili baada ya misa tunakutana barazani kwa dada yake Trésor, vijana wanne, kucheza mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji hubuni mhusika wake na kuandika uwezo na udhaifu wake kwenye karatasi. Trésor ndiye msimulizi: anatueleza tumefika wapi na tumekutana na nani, nasi tunasema wahusika wetu wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, anatuamuru turushe dadu. Jambo likiwa rahisi, anaruhusu tu. Zingatieni hapo: ni yeye anayeamua lipi gumu na lipi rahisi.

Mhusika wangu ni jaji msafiri. Nilimjenga kwa uangalifu: ana upanga, anajua sheria za falme zote, na mahali pa udhaifu niliandika “hana”. Mhusika wa Dorcas, msichana anayeuza vitenge sokoni, ni mwuza chumvi tu. Uwezo wake mmoja: anajua kuongea na watu. Lakini mwuza chumvi huyo hashindwi! Tukifika kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, jaji wangu anataja sheria na kukamatwa. Mwuza chumvi anamsalimia askari, anamwuliza kama mama yake amepona mguu, na njia inafunguliwa bila dadu kurushwa. Hata Blaise, mchezaji wa tatu, mtu wa mizaha, alilalamika: “Ile personnage iko na nguvu mingi! Siye tunakuya hapa kunywa chai tu?” Trésor alicheka. Nilianza kumtazama anavyocheka. Anapomsikiliza Dorcas huinama mbele hadi chai yake inapoa. Mimi nikizungumza, huinywa.

Mtu wa sheria hahukumu kwa hisia, kwa hiyo nilitengeneza jaribio. Nilifikiri hivi: kama mwuza chumvi amezidi nguvu kweli, atakuwa na nguvu hata mikononi mwangu. Lakini akidhoofika kwangu, basi nguvu haikuwa yake, alikuwa anapewa. Jumapili iliyopita nilipendekeza, kama mzaha, kwamba mimi na Dorcas tubadilishane wahusika. Dorcas akapiga makofi. “Leo mimi ni juge! Blaise, simama vizuri mbele yangu.” Blaise akajibu, “Maman juge, usinifunge, sijakula bado.”

Tukafika kwenye barrière. Nikiwa mwuza chumvi, nilitamka wazi: “Natumia uwezo wangu wa kuongea na watu. Fungueni njia.” Trésor akanywa chai. “Rusha dadu.” Nilirusha, nikashindwa, na chumvi yangu yote ikachukuliwa. Blaise, ambaye huniita kama waitwavyo mawakili, akaniambia, “Maître, weye unacheza sawa vile unapita examen.”

Kisha ikawa zamu ya Dorcas na jaji wangu. Aliisoma tena karatasi yangu. Halafu akasema: “Huyu askari, mimi namujua. Zamani nilifunga kaka yake bure. Leo sikuye kupita. Nakuya kumuomba musamaha.” Jaji wangu! Mimi niliyemwandika sikuwahi kumpa kosa hata moja. Trésor aliweka dadu mezani taratibu, akasema, “Apa dadu haina kazi,” na njia ikafunguka. Chai yake ilikuwa imepoa.

Jioni aliponisindikiza hadi langoni kwetu, nilimwuliza waziwazi kama anampendelea Dorcas. Alishangaa. “Chérie, unanitafutia maneno ya nini? Dorcas ananishangazaka tu. Sijue atasema nini.” Akaongeza kwa upole: “Kama unataka, nitaongezea juge yako nguvu.” Nilimwambia sihitaji kuongezewa. Nikamwuliza: “Na mimi? Mimi sikushangazi?” Akanishika mkono, akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. “Weye? Hapana. Weye najua kila kitu utasema, mbele haujasema. Ni ju ya ile nitakuoa. Nikiwa na weye niko na amani.”

Tangu jioni hiyo silali vizuri. Nimeyapima maneno hayo kwa pande zote. Upande mmoja ni mapenzi ya kweli, kwani ni wangapi kati yetu wanaopewa amani? Upande wa pili ni hukumu ambayo haina rufaa. Kuhusu Dorcas, nakiri kwamba sina ushahidi hata wa ujumbe mmoja wa simu. Alinirudishia karatasi yangu akaniambia, “Juge yako ni muzuri, dada, nilimupenda.” Hata hilo nimelishuku. Huenda yeye ni mchezaji bora kuliko mimi, basi. Lakini mbona hilo linaniuma kuliko kama angekuwa mwizi wa mchumba?

Mama ameshanunua vitenge vya siku ile. Mnajua ilivyo kwetu: wajomba watakaa pande mbili, vitu vitawekwa katikati, nami nitaitwa nisimame niulizwe mbele ya wote kama vipokewe. Trésor atakuwa ameketi pale akinitazama, ametulia, kwa sababu jibu langu anadhani analijua tayari.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, mlio na ndoa na msio nayo, nawasihi: siku hiyo nikisimama, niseme nini?