Jiwe la Mtaa wa Soko

Futa hicho kicheko, Zena. Umeniita dukani kwako nikueleze mtaa huu ulivyokuwa zamani, nimefika kwenye habari ya jiwe, unacheka. Nyamaza unisikilize.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya hamsini, mtaa huu wa soko hapa Iringa haukuwa na saruji. Vumbi tupu, na upande huu wanawake walitandika mikeka. Bibi yangu aliuza maharage. Aliyepakana naye mkeka kwa mkeka, naye akiuza maharage, ni bibi yako, Mama Salima. Kati yao palikuwa na jiwe jeusi, bapa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua vikapu, walinyunyiza juu yake unga wa ulezi wakiwasalimu masoka, wazee waliolala chini. Bibi yako msikitini anakwenda, na unga ananyunyiza. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha bwana soko akaleta vibarua wajenge baraza za saruji. Mikeka iondoke, jiwe ling'olewe.

Bibi yangu akalikalia. "Wanangu, mkilitoa hili, maji yatawaingilia ndani."

"Maji gani, bibi? Kiangazi hiki!"

Wakacheka kama ulivyocheka wewe. Wakamshika makwapa, wakamweka pembeni kama gunia, mimi natazama.

Mvua za kwanza tu, maji yakabubujika palepale pa jiwe. Yakaangusha ukuta mpya, yakazoa maharage yote ya Mama Salima. Ni masoka? Ni chemchemi iliyokuwa imezibwa? Sijui, na simwulizi mtu. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekuja kumwomba bibi radhi. Mama Salima alisimama kwenye matope akamnyooshea kidole.

"Alijuaje? Kama si yeye aliyeyaita, alijuaje?"

Mwanamke aliyenyunyiza unga naye kila siku!

Wengine wakadakia. Kuanzia hapo hakununuliwa hata punje. Akipita, watu wanavuta watoto wao ndani. Shuleni mimi nikaitwa mjukuu wa mchawi, nikapigana. Hili pengo unaloliona ni la siku hizo. Bibi akarudi kijijini kulima bondeni, mjini hakukanyaga tena. Alizikwa na jina hilo.

Sasa watu wananiambia, ulikuwa na bibi mwenye maono. Maono yapi? Aliwaonya wasipate hasara, basi. Angefunga mdomo, angekufa mtu mwema, tena kwenye mkeka wake. Hilo ndilo somo nililolipata mtaani hapa, na mpaka leo linanichoma.

Unaniuliza jiwe liko wapi, ulipige picha? Bibi yako alipopata chumba hiki cha duka, alilifuata uani walikolitupa vibarua, akaliweka mlangoni. Mwenzake alimfukuza, jiwe akalibakiza! Ndilo hilo mnalofutia viatu, Zena. Nimelitambua nilipoingia, nikaliruka.

Chai yako sinywi. Usinisindikize, njia naijua. Na mlango nitaufunga mwenyewe.