Euphrasie na Rais Aliyeandikishwa Mbio za Wanawake

Shirikisho letu la mchezo wa barafu lilikuwa na viongozi kumi na mmoja na mwanamichezo mmoja. Mwanamichezo huyo ni Euphrasie, na ndiye ninayetaka kusimulia habari zake, maana wale kumi na mmoja wamekwisha kujisimulia vya kutosha. Mimi mwenyewe nilikuwa wa tisa: Juma, mtu wa Kigoma, msafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord hapa Bruxelles, mshauri wa pili wa mambo ya theluji. Theluji yenyewe nilikuwa nimeiona dirishani.

Euphrasie ni wa Bukavu, ana miaka thelathini na sita, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao huku Anderlecht. Anawaogesha, anawalisha, anawasukuma kwenye viti vya magurudumu. Mmoja wao ni Madame Irma, kilo tisini na mbili bila koti. Siku moja tramu ilikuwa karibu kuwaacha, Euphrasie akamsukuma bibi yule mbio kupanda mlima, wakawahi, naye akaanza kumfunga skafu bila hata kuhema. Niels, mtoto wa Madame Irma, alikuwa anawasubiri kituoni na aliona yote. Niels ni msimamizi wa bohari, na ujanani alikuwa msukumaji wa bobsleigh, kile kigari kinachoteremka kwenye mfereji wa barafu kwa kasi ya barabara kuu. Alimweleza Euphrasie kwamba siku hizi wanawake wana kigari chao cha mtu mmoja: unakisukuma peke yako, unadandia, unakiongoza mpaka chini. Euphrasie alimuuliza ni siku gani anaweza kuanza.

Kumbe kushindana kwa jina la Kongo kunahitaji shirikisho, na shirikisho linahitaji rais. Hapo ndipo alipoingia Papa Noé, umri miaka sitini na mitatu, rais wa watu wa Kivu, rais wa kwaya, rais wa chama cha kuzikana. Papa Noé akiona watu watatu wamesimama pamoja, wa nne ni yeye na tayari ni kiongozi wao. Jumapili mbili hazikuisha tukawa na makamu watatu, msemaji, washauri, muhuri, na vitenge vyenye picha ya rais amevaa miwani ya theluji. Msicheke. Ni muhuri huo uliowafanya wakubwa wa mchezo huu duniani watuazime kigari, kwa sharti moja: mwanamichezo wetu ashindane walau mara moja kabla ya msimu kwisha. Asiposhindana, kigari kinakwenda nchi nyingine na sisi tunafutwa kwenye orodha.

Kwa hiyo Euphrasie alijifua. Kila Jumapili asubuhi alisukuma toroli lililojaa magunia ya mchele katikati ya rafu za bohari ya Niels, huku Niels ameshika saa. Mara tano walikwenda Ujerumani kwenye barafu yenyewe, akarudi na michubuko ubavuni, na Jumatatu akaenda kuwaogesha wazee kama kawaida. Mfadhili wetu alikuwa Djibril, mwenye bucha kule Molenbeek, aliyejitolea gari lake na kilo tano za nyama kila wiki za kumtia nguvu mwanamichezo. Nyama ilipitia kwa kamati, kama utaratibu unavyotaka, na Euphrasie akapata supu.

Kisha ikaja fomu ya mashindano, na hapa nakiri kosa langu, kwa sababu niliyechapa ni mimi. Papa Noé alisimama nyuma yangu akaniamuru niandike jina lake mstari wa kwanza. Nilimwambia pale wanatakiwa wanamichezo. Alinijibu kwamba orodha inayokwenda ng'ambo bila rais juu yake ni orodha ya watoro, na kwamba miaka yote aliyoongoza hajawahi kuwa wa pili kwenye karatasi. Nikachapa. Euphrasie akakaa mstari wa pili, penye neno la mchezaji wa akiba.

Jumatatu ya wiki ya mashindano majibu yakaja. Waandaaji walimpongeza Bwana Noé kwa ari yake, ila walitambua kwamba ni mwanamume, na mbio hizi ni za wanawake. Wangempokea aliye mstari wa pili endapo rais, kwa saini yake, atathibitisha kwamba wa mstari wa kwanza ni mwanamume na anajitoa. Mwisho ni Alhamisi saa sita mchana.

Tulimfuata nyumbani kwake, mimi na Euphrasie. Papa Noé alisoma barua mara mbili, akavua miwani.

“Miye nisaini papier ya kusema miye si mwanamuke?” alisema. “Kesho iko mu WhatsApp ya Bruxelles muzima. Bataulizana: donc kulikuwa doute, kulikuwa mashaka?”

Euphrasie alimwomba kwa heshima zote. Alimkumbusha kigari, alimkumbusha msimu. Papa Noé alisema kujitoa ni neno la watu walioshindwa, na kwamba yeye atawaandikia waandaaji wabadilishe kanuni. Mke wake akatuletea chai, nasi tukainywa kama waliofiwa.

Tukapanda metro kurudi. Nilijaribu kumpoza kwamba mwaka ujao upo, na mara moja nikajiona mjinga, maana haukuwapo.

“Juma, miye nasukuma bantu tangu onze ans, miaka kumi na moja,” alisema. “Fauteuil ya magurudumu, kitanda, caddie ya duka. Nikisha kusukuma, benyewe banaenda, miye nabakia ku mulango. Hii kigari njo kitu ya kwanza nasukuma, kisha napanda mwenyewe.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mshauri wa pili mzima, na ushauri sina.

Aliyekuwa nao ni yeye. Alinieleza kwamba katika kazi yake hajawahi kumwambia mzee yeyote aache kitu. Mzee Georges, aliyewahi kuwa bwana mkubwa wa mashamba ya chai kule Kivu, aligoma mwaka mzima kuacha kuendesha gari, haoni hata kioo chake. Watoto walilia, daktari alifoka. Euphrasie alimwendea akamwomba amkabidhi ufunguo, na mzee akaukabidhi kwa saluti. Tuliposhuka alikuwa amekwisha kumpigia Papa Noé, kumwomba apange siku ya remise et reprise.

Asiyewajua Wakongo hajui uzito wa maneno hayo. Mtu anapoachia ofisi na mwingine kuipokea, hufanyika makabidhiano rasmi, na katika makabidhiano anayetukuka ni anayetoa. Papa Noé alipanga Jumatano, saa kumi jioni, ukumbi wa parokia.

Walikuja watu sitini. Euphrasie alileta vifaa vyake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki: helmeti, glavu, viatu vya misumari. Tukavipanga juu ya kitambaa cheupe mbele ya rais, ambaye hakuwahi kuvigusa, naye akamkabidhi mwenye mali kimoja kimoja. Alihutubia dakika arobaini. Alieleza jinsi alivyoibeba nafasi ile ya mstari wa kwanza, mzigo wake, upweke wake, na jinsi alivyoona sasa wakati umefika wa kuwaachia akina mama. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nachapa hati ya makabidhiano, na nilipofika kwenye wasifu wa mtoaji nikaandika, “Bwana Noé, jinsia ya kiume.” Nilitegemea ngumi. Papa Noé alisoma, akakunja uso, akaniamuru niongeze: mume wa mke mmoja, baba wa watoto saba. Akasaini kurasa zote nne na kugonga muhuri kila moja.

Niliituma usiku uleule, maana kukabidhi nafasi ndiko kujitoa kwenyewe, na waandaaji walijibu Alhamisi asubuhi kwa neno moja, kwamba imepokelewa.

Jumamosi tulifika Ujerumani ndani ya gari la Djibril, tukinukia ini. Walishindana wanawake kumi na tisa, kila mmoja akishuka mara mbili. Sisi tulisimama chini, mwisho wa njia, na vitenge vyetu juu ya makoti. Kigari cha Euphrasie tulikisikia kabla ya kukiona. Kiligonga ukuta kwenye kona, kikayumba, nikafumba macho, na nilipofumbua kilikuwa kinapita mbele yetu kimenyooka sawasawa na helmeti ya bluu imetulia ndani yake. Alikuwa wa mwisho kwa sekunde nne. Mara ya pili alikuwa wa mwisho kwa sekunde tatu. Nililia mbele ya kamati nzima, na sijutii.

Papa Noé alikuwa na karatasi za hotuba mkononi. Alimpongeza, kisha akatangaza, msemaji wetu akinukuu, kwamba alichokiona hakimtishi, na mwakani atashuka mwenyewe.

Euphrasie alivua helmeti. Uso ulikuwa umevimba kwa baridi na furaha, na alimjibu kwa upole uleule anaowajibu nao wazee wake wakati wa kuoga.

“Iko kigari ya bantu wawili, ya kushuka tu, si ya mashindano, papa président. Niels anasema naweza kuiendesha. Place ya nyuma iko libre, haina mutu.”

“Ya nyuma?”

“Wa mbele anaongoza. Wa nyuma anasukuma, anapanda, anainamisha kichwa mpaka chini.”

Papa Noé aliutazama ule mfereji wa barafu, akamtazama Euphrasie, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliuliza swali akisubiri jibu.

“Na ule wa nyuma, anaonaka njia?”

“Haonake kitu, papa. Anatumainia wa mbele.”

Alikunja karatasi zake za hotuba akazitia mfukoni. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama helmeti ya saizi yake ipo.