Chupa za Wanawake wa Kulesa

Daktari alipokuja kijijini kwetu Kulesa, kando ya mto, kupima kichocho, miaka ya hamsini, nilikuwa sijavunja ungo. Alitaka mkojo wa kila mtu. Wavulana walijaza chupa zao nyuma ya lori lake, wakishindana. Kwao mkojo wa damu ulikuwa dalili ya ukubwa. Asiyeuona alitaniwa kuwa bado mtoto.

Sisi wanawake tulipewa chupa twende nazo nyumbani. Lakini nani angempelekea mwanamume mgeni mkojo wake aushike na kuuinua juani? Kina mama walikubaliana bila hata kuketi. Chupa zote zikapelekwa kwa bibi yangu, ambaye haya zilikuwa zimemwisha, na ambaye hakuingia mtoni tangu miguu ilipomkataa. Alikunywa maji asubuhi nzima, akilalamika kwamba tumemfanya kisima. Kila chupa ikatiwa kidogo. Tulicheka sana.

Daktari akaondoka ameridhika kwamba kichocho cha huku ni cha wanaume. Si wao ndio huogelea? Hakuuliza ni nani hushinda mpungani, maji magotini. Sindano zilipoletwa, zilikuwa za wavulana tu. Kaka zangu wakachomwa, wakapona.

Mimi nami nilikojoa damu. Kwa msichana, huo haukuwa ukubwa, nikaificha miaka. Mama alipoigundua, posa yangu ilikuwa imeshaletwa. Akanipeleka Garsen kwa dresa wa zahanati, mtu wa bara.

"Hapana, mama," dresa alisema. "Kichocho ni ugonjwa ya vijana. Daktari alipima wanawake yote ya Kulesa, hakuna hata mmoja. Huyu msichana ametembea na mwanaume."

Nilimtazama mama. Angesema mkojo ule ulikuwa wa nani, ningepata sindano. Lakini angewavua nguo wanawake wa kijiji kizima mbele ya yule mtu. Alikaza leso yake kifuani, akaniambia, "Inuka, twende."

Sikulia. Nilikufa ganzi, na mpaka leo nikikumbuka sihisi kitu, jambo ambalo hunikera kuliko maumivu yenyewe. Maneno yalifika Kulesa kabla yetu. Posa ikavunjwa.

Bibi ndiye pekee aliyezungumza nami juu ya jambo hilo. Alinishika mkono, akasema, "Mjukuu wangu, ningejua, chupa yako ningeirudisha tupu."

Nikamwambia anywe uji, unapoa.