Senti Niliyoitoa kwa Mikono Miwili

Miaka tisa niliyokaa Louisville niliendesha mashine ya kugonga mabati. Bati linaingia likiwa bapa, muhuri wa chuma unashuka juu yake kwa uzito wa tani nyingi, na linatoka likiwa mlango wa gari. Diploma ya uhandisi wa mitambo niliipata Kenya, bila mjomba wala mbunge wa kunishika mkono, na nilipofika Marekani nikaongeza nyingine. Kwa hiyo nikisema kwamba nilizielewa sarafu zao kuliko wengi waliozaliwa nazo mfukoni, nasema ninachokijua. Sarafu ni bati dogo. Inagongwa kwa muhuri kama mlango wa gari, na muhuri ukiwa na kasoro, kila sarafu inayotoka chini yake inairithi kasoro hiyo.

Wapo watu wanaokusanya kasoro hizo, na nilikuwa mmoja wao. Hatukutafuta dhahabu. Tulitafuta senti ambayo tarakimu yake imejirudia, au ambayo herufi zake zina kivuli kwa sababu muhuri wenyewe ulichorwa mara mbili bila kulingana. Kasoro zinazojulikana zimewekwa katika orodha, kila moja na namba yake na picha yake. Kupata sarafu iliyomo kwenye orodha ni kazi ya macho na subira tu. Kupata isiyokuwemo, ikakaguliwa na kupewa namba, ni jambo ambalo wengi hufa hawajalifikia. Mimi nililitaka hilo, na sikuficha kwamba nalitaka.

Maonyesho ya Louisville yalikuwa Jumamosi moja kila mwezi, katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Meza ndefu, taa za shingo ndefu, wanaume wenye kofia wakiwa wameinama kama wanaochambua mchele. Mara ya kwanza nilipokwenda, nilichukua senti kwenye meza ya mama mmoja aliyevaa miwani yenye mnyororo, nikaikagua, nikataka kumrudishia. Nilimrudishia kama nilivyolelewa: mkono wa kulia mbele, wa kushoto ukishika kiwiko. Akaurudisha mkono wake nyuma kama aliyeona nge, akagonga kwa kidole kitambaa cheusi kilichokuwa mbele yake.

"Weka hapo," akasema.

Niliudhika, na niliendesha gari hadi nyumbani nikiwa nimeudhika. Kwetu kitu hupokelewa mkononi. Anayewekewa chini ni mbwa, au ni mtu mliyekosana naye na mnataka alijue hilo. Miezi miwili baadaye nikaona kijana na mzee wakibishana juu ya sarafu iliyoanguka kati ya mikono yao, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyeiachia, na nikaelewa. Sarafu haipiti mkono kwa mkono. Wa kwanza anaiweka kitambaani na kuondoa vidole, ndipo wa pili anaiokota kwa ukingo. Kanuni hiyo niliishika vizuri kiasi kwamba nilianza kuwafundisha wageni wengine, hata wazungu.

Niliyemfundisha zaidi ni mzee mmoja Mkongomani kutoka upande wa Uvira, niliyefanya naye kazi kwenye mashine moja. Alikaa karibu nami katika mtaa wa Iroquois, na aliniita Diplome. Sarafu hazikumhusu. Alipenda kupanda gari langu na kunicheka.

"Bon, Diplome," alisema safari moja. "Batu banalala siku ya kupumuzika. Weye unaenda kutafuta makuta yenye iliharibika."

"Senti hizo hazikuharibika, mzee. Ziligongwa vibaya."

"Kazini unagonga vibaya, bosi anatupa. Hapa unagonga vibaya, banauza. Hii inchi, mimi sitaielewa."

Senti yenyewe niliipata kwa yule mama mwenye miwani, katika sanduku alimotupia zile ambazo hakuona sababu ya kuziangalia. Ilikuwa ya kahawia, yenye umri mkubwa kuliko wangu, na nyuma yake kulikuwa na masuke mawili ya ngano. Niliiweka chini ya lenzi kwa mazoea tu. Upande wa mbele, herufi za juu ya kichwa cha rais zilikuwa na kivuli upande wa kaskazini, na pembe zake zilikuwa zimepasuka kama mkia wa mbayuwayu. Nilipitia orodha nzima nilipofika nyumbani. Haikuwemo. Jumatatu nilikuwa nimeshawaambia wote wa zamu yetu kwamba nimepata mpya.

Nikaipeleka Columbus, mwendo wa zaidi ya saa tatu, kwenye maonyesho makubwa kidogo katika hoteli yenye zulia. Mfanyabiashara mwenye ndevu nyekundu, ambaye watu walimfuata kwa ushauri, aliiangalia kwa muda usiotosha kufunga kamba ya kiatu.

"Mashine ilitikisika," akasema. "Za namna hii tunaletewa kila wiki. Haina kitu."

"Mashine ikitikisika inaparuza," nikamjibu. "Herufi inabaki na ngazi bapa pembeni. Hizi hazijaparuzwa, zimesimama zote mbili. Muhuri wenyewe ndio ulichorwa mara mbili."

"Umejifunza wapi?"

"Kazini."

"Unagonga sarafu za serikali?"

"Nagonga milango ya magari."

Waliokuwa karibu wakacheka, na yeye akacheka nao, lakini si kwa ubaya. "Basi mpelekee mzee wa Buffalo," akasema. "Ndiye mwenye orodha. Akiipa namba, rudi hapa nikupishe kiti changu ukikalie."

Nilisema nitarudi. Watu walisikia nikisema.

Buffalo ni mbali, saa tano nyingine kutoka Columbus. Yule mzee Mkongomani alikubali kunisindikiza kwa sababu dada yake alikuwa amehamishiwa huko, mtaa wa East Side, na hawakuwa wameonana tangu kambi ya wakimbizi. Tulifika siku ya Jumamosi asubuhi. Maonyesho yalikuwa katika ukumbi wa wazima moto wa kujitolea, sakafu ya saruji tupu, theluji ya mwisho ikiwa imerundikwa kwenye maegesho, nyeusi kama makaa. Wanawake wawili waliuza kahawa na soseji mlangoni. Meza ya mkaguzi, yule mwenye orodha, ilikuwa mwisho wa ukumbi, na foleni yake ilifika katikati.

"Dada yangu anapika toka asubui," mzee akaninong'oneza. "Donc, hii kadogo bataiangalia saa ngapi?"

"Mbele yetu wamebaki sita."

"Sita. Na kila mutu na ka kwake."

Wale sita waliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyepewa namba. Nilikuwa na hakika na muhuri wangu, lakini nilitambua kwamba nikirudi Louisville bila namba, itanibidi nipite mbele ya zamu nzima.

Zamu yangu ilipofika, mkaguzi alisimama. Alikuwa amepita miaka themanini, mikono ina madoa, kifaa cha kusikilizia kikiwa sikioni. Alishika ukingo wa meza, akajiinua, akanisalimu akiwa amesimama. Katika miaka yote ya kumbi hizo hakuna aliyewahi kunisimamia. Mzee wa umri ule akikusimamia, mwili unajua la kufanya kabla akili haijaulizwa. Niliinamisha kichwa, nikaishika ile senti kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, nikamkabidhi.

Naye, ambaye bila shaka alikuwa amewafundisha watu kanuni ya kitambaa kabla sijazaliwa, hakugonga meza. Alinyoosha mkono wake.

Nadhani niliiachia nilipohisi vidole vyake. Nadhani yeye alikuwa hajaifumbata. Ililia mara moja kwenye saruji, ikaviringika, ikaingia chini ya meza. Aliyeinama kuitafuta ni yule mzee wangu wa Uvira. Aliiokota kwa ukingo, kwa vidole viwili, jinsi nilivyomfundisha, akaiweka katikati ya kitambaa, akaondoa mkono.

"Nani ameiangusha?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akimsaidia mkaguzi kuandika.

"Sisi wawili," akasema mkaguzi, akaketi.

Aliiangalia upande wa mbele, akaigeuza, akarudi mbele. Alifungua daftari mbili. Mimi nilikuwa naliona kwa macho yangu mwenyewe pengo jipya ukingoni, chini ya tarehe, shaba yake ikimeta kama jino la bandia.

"Kwa nini unadhani si mashine?" akauliza.

Nikamweleza pembe zilizopasuka, na urefu wa herufi, na jinsi muhuri uliolegea unavyoparuza bati. Nilimweleza kama ninavyomweleza fundi mwenzangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wengi wangesema mashine," akasema.

"Columbus wamesema."

"Columbus," akasema, akairudia senti.

Kisha akasema kwamba ataipa namba. Alilisema kwa sauti ile ile aliyowakatalia wale wengine, na ilibidi mzee wangu wa Uvira anichome ubavu ndipo nikajua kwamba nimesikia vizuri. Lakini orodha ilihitaji picha. Alikuwa tayari kuingoja picha hiyo, akasema, hadi nipate senti nyingine ya muhuri ule isiyo na jeraha, maana picha huangaliwa na watu wengi na kwa miaka mingi. Niliuliza namba itaandikwa lini. Akasema siku ya picha.

"Piga hii," nikamwambia.

Waliipiga picha hapo hapo, ikiwa na pengo lake.

Tulipofika taa ya pili ya barabarani, njiani kuelekea kwa dada yake, mzee alinigeukia.

"Weye njo ulinifundisha," akasema. "Kuweka chini."

"Najua."

"Sasa wakati ya lazima unafanya nini?"

"Alisimama, mzee. Ungemwekea chini?"

Alifikiri. "Hapana," akasema. "Miye pia ningeiangusha."

Kurudi tulipitia Columbus, na kwa kuwa maonyesho yao ya mwezi ule yaliendelea hadi Jumapili, niliingia. Mwenye ndevu alikuwa ameshapata habari kwa simu. Aliinuka bila kuambiwa. Nilikaa kwenye kiti chake dakika tano, nikamshukuru, nikaondoka.

Nilirudi Kenya kwa hiari yangu. Hapa Nakuru nina nyumba ya mawe na karakana ya kugonga bawaba na makomeo ya milango, na mihuri yake naichonga mwenyewe. Orodha huwa naifungua mara moja kila mwaka. Kanuni ni kwamba ikipatikana senti nzuri zaidi ya aina ile ile, picha hubadilishwa. Bado haijabadilishwa. Pengo liko pale pale, chini ya tarehe.

Mwaka jana baba mkwe alikuja kututembelea. Ni mwalimu mstaafu, na alikuwa amesikia kwa binti yake kwamba mkwe ana senti iliyopigwa picha Marekani. Baada ya chai nilitandika kitambaa cheusi mezani, nikaiweka senti katikati, nikaondoa mkono.

"Karibu, baba," nikasema. "Ichukue."

Hakusogea. Alikitazama kitambaa, akamtazama binti yake, kisha akaanza kuitafuta kofia yake kwenye kiti cha pembeni. Mke wangu alinikazia macho. Nilichelewa kidogo kuelewa, mimi niliyekwenda na desturi ile ile na kurudi bila hiyo. Niliiokota senti, nikamkabidhi, mkono wa kushoto kwenye kiwiko.

Aliipokea na kuikandamiza kwa dole gumba katikati ya uso, dole lililotoka kushika andazi. Nilimwacha aishike apendavyo. Aliigeuza mara kadhaa, hadi ukucha wake ukanasa ukingoni.

"Hapa imeumia," akasema.

"Ndiyo, baba. Ndiyo alama yake hata kwenye picha."

"Nani aliiangusha?"

"Mimi na mzee wa huko. Nilikuwa nampa."

"Alinyoosha mkono?"

"Alinyoosha."

"Basi," akasema. Aliiangalia tena kidogo, akanirudishia, nami nikaipokea kwa mikono miwili.