Uvimbe Niliouficha Kabuku

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na ningependa kuisahau.

Gari la matangazo lilikuwa limepita Kabuku likisema madaktari wanapasua mabusha bure kwenye zahanati. Kwetu huku busha si jambo geni. Mjomba wangu Mhina alikuwa nalo miaka mingi, akawahi foleni. Mimi nilikuwa na uvimbe mgumu kando ya korodani ya kulia, mdogo kama kunde, hauumi. Nilijiambia ni busha linaanza, nikasimama nyuma kabisa na kofia usoni.

Ndani nilimkuta daktari wa kike, umri wa dada yangu. Alivuta pazia, akamulika tochi nyuma ya ule uvimbe.

"Busha ni maji, na maji hupitisha mwanga," alisema. "Hapa naona giza. Hiki ni kinyama, kaka. Nakuandikia uende Korogwe ukapigwe picha."

"Si unipasue tu hapahapa kama wengine?"

"Nipasue kitu nisichokijua?"

Nilitoka nimeinama. Wazee wa nje wakanitania, "Vipi kijana, na wewe unalo?" Nikasema nimemsindikiza mjomba. Ile karatasi nikaitumbukiza chooni.

Nilificha miezi saba. Tukienda kukata mkonge nilivaa bukta mbili, na kuoga nilioga wenzangu wakishaondoka. Uvimbe ukakua. Mimi na mama yako hatukuwa tumemaliza mwaka wa ndoa, nami nikawa namgeuzia mgongo. Akadhani nina mwanamke Segera. Aliponiuliza, nikanyamaza ili aamini hivyo. Mkono unakuwa mzito kuliandika hili. Akafunga nguo zake, akarudi kwao Mombo.

Mjomba akanifuata shambani.

"Mkeo anasema una mtu Segera."

Niliendelea kukata mkonge.

"Siku ile nilikuona ukitoka kwa daktari kama mwizi. Kwa hiyo umeona bora uitwe mhuni kuliko uitwe mgonjwa?"

"Naona aibu, mjomba."

"Mimi watoto wameniimbia busha langu barabarani. Aibu naijua. Lakini yangu niliibeba mwenyewe, sikumtwisha mtoto wa watu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

Kesho yake akanipeleka Korogwe. Picha ilionyesha uvimbe uko nje ya korodani, ila umeikumbatia. Daktari alisema picha haiwezi kumwambia kama ni saratani. Lazima utolewe, ukapimwe maabara. Alitoa uvimbe pamoja na korodani.

Majibu yalichukua wiki tatu. Kabla hayajatoka, nilikwenda Mombo nikamweleza mama yako yote, mama yake akiwa amekaa palepale.

"Kumbe ndilo hilo?" aliniuliza. "Nimelia muda wote huu kwa ajili ya hilo?"

Nikarudi Kabuku peke yangu. Lakini siku ya majibu alikuja, akakaa kando yangu kwenye benchi.

Haikuwa saratani. Daktari alisema ni uvimbe wa nadra, yeye mwenyewe ameuona mara chache. Kisha akasema ningekuja uvimbe ukiwa bado mdogo, huenda angeutoa huo tu na kuiacha korodani. Mama yako alisikia maneno hayo, na hajawahi kunisimanga kwa hayo. Alirudi nyumbani, na Mungu akatujalia: kwa korodani moja iliyobaki ukazaliwa wewe.

Mwanangu, utakapokuwa kijana, jipapase unapooga. Ukikuta kitu kigumu, usikipe jina wewe, wala usiseme ni busha kwa kuwa wazee wetu walikuwa nalo. Nenda kapimwe, hata kama anayepima ni mwanamke. Usiite saratani kabla ya majibu, na usiite salama kabla ya majibu. Na siku hiyohiyo mwambie mwenzako, maana uvimbe wangu ulitolewa kwa saa moja, lakini uongo wangu kwa mama yako bado nauombea msamaha.

Mungu akupe mwili wenye afya, mwanangu. Na ukiugua, akupe ulimi wa kusema.