Barua pepe ya Kambale

Patron, mwenye depo ya mizigo, alimwajiri mama mmoja aiandikie akili bandia ya depo maelekezo, ijue kufungua barua moja ya mteja, ileile inayotakiwa. Kila sentensi mama huisoma kwa sauti, taratibu, kama anayemtuma mgeni sokoni, halafu hujikuna sikio kwa kalamu na kuanza upya. Leo alikuwa akirudia moja tu: «Usifungue kwa jina la aliyetuma, fungua kwa namba ya barua.» Patron alishachoka. Kamiyo, lori la depo, ilikuwa imepakia, ikingoja kujua kama itavukia mpaka wa Mokambo au wa Sakania, na jibu lilikuwa ndani ya barua.

«Maman, andika tu: fungua email ya Kambale. Iko ngumu wapi?»

 Mama alivua miwani, akaenda mlangoni, akaipaza sauti yake nyembamba hadi nje uwanjani: «Kambale!»

Kwa kabila la Banande, mtoto wa kiume wa pili ndilo jina lake, na depo karibu yote ni Banande. Dereva akageuka. Mlinzi wa geti akasimama. Wapakiaji wawili wakatua magunia. Na patron, ambaye miaka mingi haitwi ila patron, alikuwa ameshaitika.